Kusoma Hisabati Chuo Kikuu: Mwongozo Kamili wa Masomo na Kazi Zake

Anayetoka sekondari na alama ya juu ya hisabati huingia chuo akidhani anaendelea na somo lile lile. Wiki ya tatu hivi ndipo anaposhtuka. Sekondari aliulizwa "jibu ni ngapi?", chuoni anaulizwa "umejuaje?" Mtu anaweza kuwa hodari wa swali la kwanza na la pili likamtoa jasho.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi mapema: shahada hii haina kazi yenye jina lake. Aliyesomea uuguzi huajiriwa kuwa muuguzi, lakini tangazo lisemalo "anatakiwa mwanahisabati" ni la nadra. Hisabati ni jembe, na mwajiri analitaka likiwa na mpini. Mpini unaweza kuwa takwimu, uandishi wa programu za kompyuta, mitihani ya bima au ualimu. Huanza kuchongwa mwaka wa pili, wakati wenzako bado wanasema watafikiria wakimaliza.

Kabla ya kujaza fomu

Jipime kwanza. Kaa na karatasi tupu kwa dakika 30, bila kikokotoo:

1. Rahisisha (x² − 9)/(x − 3), kisha taja thamani ya x isiyoruhusiwa na useme kwa nini.
2. Tafuta thamani zote za x zinazotimiza |x − 2| < 5.
3. Chora grafu ya y = 1/x, ueleze kinachotokea x inapoikaribia 0 kutoka kulia na kutoka kushoto.
4. 2 ipandishwe kwa kipeo gani ili itoe 10? Taja namba kamili mbili zinazofuatana ambazo kipeo hicho kimo katikati yake.
5. Eleza kwa maneno kwa nini namba mbili witiri zikizidishwa hutoa namba witiri.

Manne ya kwanza yakikushinda, tatizo ni aljebra, na linatibika kwa mazoezi ya kila siku ya wiki sita hadi nane. Usiingie chuo nalo. Wanaoanguka katika kalkulasi ya mwaka wa kwanza mara nyingi huwa wameielewa kalkulasi yenyewe; kinachowaangusha ni sehemu, vipeo na alama ya kutoa iliyopotea njiani. Swali la 5 linapima kitu kingine. Hata kama hukulijibu, jiulize kama lilikuachia hamu ya kulijua au hamu ya kuliruka. Mwenye hamu ya kuliruka kila mara atateseka miaka yote, na kwake takwimu, uhandisi au uhasibu huenda vikamfaa zaidi.

Kisha omba orodha ya masomo ya shahada unayoitaka, mwaka kwa mwaka. Jina la shahada halitoshi. Kuna shahada mbili zinazoitwa "Hisabati" ambazo moja imejaa uthibitisho mtupu na nyingine ina nusu nzima ya takwimu na kompyuta. Pitia orodha na kalamu, uhesabu: masomo mangapi ni ya uwezekano na takwimu? Mangapi yanakufanya uandike programu? Je, uchanganuzi wa namba halisi (real analysis) na aljebra dhahania (abstract algebra) ni vya lazima? Kuna mradi wa mwaka wa mwisho? Shahada isiyo na hata somo moja la kuandika programu inakuachia kazi hiyo uifanye mwenyewe jioni. Inawezekana, ila ujue mapema.

Mwaka wa kwanza: nini kinakuja

Karibu kila chuo huanza na mambo manne. Kalkulasi hushughulikia mteremko wa mkunjo na eneo lililo chini yake. Mengi utakuwa umeyaona. Aljebra ya mstari, yaani vekta na matriksi, ndiyo utakayoitumia kuliko zote katika maisha ya kazi, na ndiyo wanafunzi huipita kwa kukariri hatua za kukokotoa bila kuelewa matriksi inafanya nini. Uwezekano huonekana mwepesi wiki mbili za mwanzo, kisha unageuka. La nne ni utangulizi wa mantiki, seti na uthibitisho, ambalo ratiba huliweka kama somo dogo na wanafunzi hulichukulia hivyo hivyo. Hilo ndilo mlango wa nyumba nzima.

Uchanganuzi wa namba halisi huja mwishoni mwa mwaka wa kwanza au mwanzoni mwa wa pili, na ndipo msitu unapoanza kuwa mnene. Unarudi kwenye vitu ulivyovizoea, kama limiti, na kutakiwa kuvijenga upya kutoka chini bila kusema "inaonekana wazi". Aliyezembea katika lile somo dogo hulipa deni lake hapa.

Namna ya kusoma ukurasa mmoja

Ukurasa wa hisabati hausomwi kama gazeti. Kurasa tatu kwa saa ni mwendo mzuri. Ukurasa mmoja kwa saa nao si aibu. Unakaa na kalamu, na kila theoremu, yaani kauli iliyothibitishwa, unaishambulia kabla ya kuikubali. Chukua hii:

*Kila mfuatano wa namba halisi unaopanda, na wenye dari, una limiti.*

Anza na fasili, neno kwa neno. "Unaopanda" maana yake hakuna namba iliyo ndogo kuliko iliyoitangulia. "Wenye dari" maana yake ipo namba ambayo mfuatano mzima hauipiti. "Limiti" ni namba ambayo, ukichagua umbali wowote, uwe mdogo kiasi gani, kuanzia mahali fulani namba zote zilizobaki ziko ndani ya umbali huo kutoka kwake.

Sasa mfano: 1/2, 2/3, 3/4, 4/5 na kuendelea. Unapanda, na dari yake ni 1. Limiti nayo ni 1. Hakiki kwa umbali wa 0.001: namba ya n katika mfuatano ni n/(n + 1), na pengo lake na 1 ni 1/(n + 1). Kuanzia n = 1000 pengo ni 1/1001 au chini ya hapo, kwa hiyo sharti limetimia. Fanya vivyo hivyo kwa 0.00001 mpaka mkono uzoee.

Hatua inayofuata wengi huiruka: vunja masharti, moja baada ya jingine. Ondoa "unaopanda": 1, −1, 1, −1 una dari, tena una na sakafu, lakini unarukaruka milele bila limiti. Ondoa "wenye dari": 1, 2, 3, 4 unapanda na kutokomea. Ondoa "namba halisi" na ubaki na namba wiano tu, zile zinazoandikika kama sehemu: 1, 1.4, 1.41, 1.414 unapanda, haupiti 2, lakini unakoelekea ni kipeuo cha pili cha 2, na hicho si namba wiano. Kumbe neno "halisi", ambalo macho yalilipita, ndilo lililobeba mzigo wote. Theoremu hii ni habari kuhusu namba halisi zenyewe, kwamba hazina matundu.

Mwisho jiulize kauli *haisemi* nini. Haisemi kwamba dari ni limiti. Kwa mfuatano wetu wa kwanza, 5 pia ni dari.

Baada ya hapo ndipo usome uthibitisho, ufunge kitabu, uuandike mwenyewe. Ukikwama, fungua uone mstari mmoja tu, ufunge tena. Anayeipitia theoremu kwa njia hii huichukulia dakika arobaini, na hana haja ya kuikariri usiku wa mtihani. Anayedesa huichukulia dakika tano, akairudia mara kumi.

Kuandika uthibitisho, na makosa yanayorudi kila mwaka

Msahihishaji hukutana na makosa yale yale. La kwanza ni kutumia herufi moja kwa vitu viwili. Swali: thibitisha kwamba jumla ya namba mbili witiri ni shufwa. Mwanafunzi anaandika "namba hizo ni 2k + 1 na 2k + 1, jumla ni 4k + 2, ambayo ni shufwa." Jibu linaonekana sawa na alama hazipo. Kwa kutumia k mara mbili amethibitisha kuhusu namba moja ikijumlishwa na yenyewe. Namna ya kulinasa kosa hili: 4k + 2 ikigawanywa kwa 4 daima hubakiza 2, lakini 1 + 3 = 4 haibakizi kitu. Sahihi ni 2k + 1 na 2m + 1, jumla 2(k + m + 1).

La pili ni kuanza na kile unachotakiwa kukithibitisha, ukashuka hadi ukweli fulani, ukapiga mstari. Kwa njia hiyo unaweza "kuthibitisha" kwamba −1 = 1: pandisha pande zote kipeo cha pili, unapata 1 = 1, ambayo ni kweli. Ukweli mwishoni haukuambii lolote kuhusu mwanzo. Kwenye karatasi ya rasimu unaruhusiwa kuanzia mwisho. Kwenye nakala safi lazima safari igeuzwe, na kila hatua ihimili kupitwa kwa mwelekeo huo mpya.

La tatu linahusu induksheni, yaani kuthibitisha kauli kwa namba ya kwanza, kisha kuonesha kwamba ikiwa kweli kwa namba moja ni kweli pia kwa inayofuata. Chukua kauli "n = n + 1". Tuseme ni kweli kwa k, yaani k = k + 1. Ongeza 1 kila upande, unapata k + 1 = k + 2, kwa hiyo ni kweli pia kwa namba inayofuata. Hatua hiyo haina kasoro yoyote! Kinachokosekana ni msingi: hakuna hata namba moja ambayo kauli ni kweli kwake. Ndiyo maana ule mstari wa kwanza unaoonekana wa kitoto, "kwa n = 1…", una alama zake.

La nne ni kuamini mifano. Fomula n² + n + 41 hutoa namba tasa kwa kila n kuanzia 0 hadi 39. Mifano arobaini mfululizo, nani asingeamini? Kwa n = 40 inatoa 1681, ambayo ni 41 × 41.

Andika kwa sentensi kamili. Alama za mshale zilizotupwa ovyo huficha mahali ambapo hoja imekatika, na mara nyingi humficha mwandishi mwenyewe.

Wiki moja ya kawaida

Kadiria saa mbili za kazi binafsi kwa kila saa ya mhadhara. Ukiwa na masomo manne ya saa tatu kila moja, mihadhara ni saa 12, kazi binafsi ni 24, jumla 36. Hiyo ni ajira kamili. Anayefanya kibarua cha saa 20 kwa wiki juu ya hapo apunguze masomo kama chuo kinaruhusu, badala ya kuyabeba yote kwa nusu nguvu.

Siku ile ile ya mhadhara, kabla hujalala, tumia dakika 30 kupitia ulichonakili na kuweka alama pale usipoelewa. Ukiacha siku tatu zipite, maandishi yako mwenyewe yatakuwa kama ya mgeni. Mazoezi ya wiki yaanze siku yanapotolewa, walau kuyasoma tu, maana akili huendelea kuyachemsha ukiwa unaoga au njiani. Swali likigoma, lipe dakika 45 za kweli: jaribu kisa kidogo zaidi, chora, andika fasili zote zilizomo, jaribu kudhani kinyume. Zikiisha, andika ulichojaribu na mahali kilipokatikia, ndipo umwendee mkufunzi. "Sielewi swali la 3" humpa mkufunzi kazi ya kubahatisha. "Nimefika hapa, sioni kwa nini mfuatano huu una dari" hujibiwa kwa dakika mbili.

Vikundi vya watu watatu au wanne hufanya kazi vizuri. Kikifika saba kinageuka baraza. Jadilini pamoja ubaoni, kisha kila mmoja akaandike peke yake bila kutazama picha ya ubao. Tahadhari hiyo hiyo ni kwa programu za akili mnemba. Zinaweza kuandika uthibitisho unaosomeka vizuri sana huku mstari mmoja ukiwa na tundu, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ndiye asiyeweza kuliona. Ipe uthibitisho *wako* na uombe ikuoneshe palipo dhaifu, kisha ukihakiki kila inachosema.

Ukiachwa nyuma wiki mbili, usianze ulipoachia. Hudhuria mhadhara wa leo hata kama unaelewa nusu, pata fasili za wiki ulizokosa kwanza, kisha theoremu bila uthibitisho wake, halafu mazoezi mawili mawili kwa kila wiki. Uthibitisho utaurudia mwisho wa juma.

Mtihani

Anza wiki sita kabla. Wiki ya kwanza ni fasili peke yake: ziandike zote kwa kumbukumbu, na kila moja iwe na mfano mmoja unaoitimiza na mmoja usioitimiza. Alama za fasili ndizo rahisi kuliko zote, na hupotezwa kwa neno moja, kwa mfano kugeuza "kwa kila umbali kuna mahali" kuwa "kuna mahali kwa kila umbali". Kauli ya pili inadai mahali pamoja pafae kwa umbali wote, na hilo ni dai jingine kabisa. Kisha mitihani iliyopita, angalau mitatu, kwa saa kamili na bila kitabu.

Ndani ya chumba, mtihani wa dakika 180 wenye alama 100 ugawe hivi: dakika moja na nusu kwa kila alama, zinabaki 30 za kukagua. Swali la alama 12 lina dakika 18. Zikiisha, acha nafasi, songa mbele. Ukikwama katika sehemu (a), unaruhusiwa kuitumia kama imethibitishwa ili ufanye sehemu (b). Andika wazi kwamba unafanya hivyo.

Mwaka wa pili: chonga mpini

Haijalishi unakokwenda, jifunze kuandika programu. Python inatosha kuanzia, R ukielekea takwimu. Usianze na kozi ndefu za video. Chukua kitu ulichosoma darasani ukiige: rusha sarafu mara 10,000 kwenye kompyuta uone wastani unavyotulia, tatua mfumo wa milinganyo 100 kwa matriksi, kokotoa eneo chini ya mkunjo kwa vipande 10, kisha 100, kisha 1,000, ulinganishe makosa. Jifunze pia LaTeX, mfumo wa kupanga maandishi ya hisabati, maana mradi wako wa mwisho utaandikwa humo. Vyote hivi ni bure.

Masomo ya hiari yafuate njia. Kwa bima: uwezekano, takwimu na michakato ya bahati nasibu. Kwa data: takwimu, rigresheni, aljebra ya mstari ya juu. Kwa usalama wa mawasiliano: nadharia ya namba na aljebra dhahania. Kwa uigaji wa hali ya hewa au magonjwa: milinganyo tofautishi na mbinu za makadirio ya kompyuta. Anayetaka utafiti achukue uchanganuzi, aljebra na topolojia, hata kama wastani wake utashuka kidogo.

Kazi zenyewe

*Bima na pensheni.* Anayefanya kazi hii huitwa aktuari, na ndiyo njia iliyonyooka kuliko zote kwa sababu ina ngazi zake. Kazi inaonekana hivi. Watu 1,000 wamekata bima ya maisha ya mwaka mmoja inayolipa milioni 1, na uwezekano wa kila mmoja kufariki ni 0.002. Unategemea vifo 2, malipo milioni 2, kwa hiyo kila mmoja achangie 2,000 kabla ya gharama. Hapo mhasibu angesimama. Aktuari anauliza: je, vikitokea vifo 5 au zaidi? Ukikokotoa, uwezekano wake ni takriban asilimia 5, mwaka mmoja katika kila ishirini. Kampuni iliyokusanya milioni 2 tu itakuwa imefilisika. Kazi ni kukadiria akiba ya kuziba pengo hilo, na kuitetea mbele ya watu wanaotaka bei ishuke.

Shahada peke yake haikufanyi aktuari. Kuna mitihani ya vyama vya kitaaluma. Katika Society of Actuaries ya Marekani wengi huanza na P, wa uwezekano, na FM, wa hesabu za fedha. Institute and Faculty of Actuaries ya Uingereza ina CS1 wa takwimu na CM1 wa hesabu za aktuari miongoni mwa ya mwanzo, na shahada zilizoidhinishwa zinaweza kukusamehe baadhi. Watahiniwa husema ujiandae saa 100 kwa kila saa ya mtihani. P ni wa saa tatu, kwa hiyo ni saa 300. Ukimaliza chuo umefaulu mmoja au miwili, maombi yako husomwa tofauti kabisa. Ngazi nzima huchukua miaka, na hufanywa ukiwa kazini.

*Takwimu na data.* Ndiyo nafasi nyingi zaidi, na ndiyo yenye ushindani wa watu wasio wanahisabati. Usishtuke kwamba sehemu kubwa ya siku ni kusafisha data: tarehe zilizoandikwa kwa mitindo mitatu, mteja mmoja mwenye namba mbili. SQL, lugha ya kuchota data kwenye hifadhidata, ni ya lazima. Bila hiyo hata mtihani wa mchujo hupiti. Faida yako ni kujua mbinu inavunjika lini, ile tabia ya kuuliza kila sharti linabeba nini.

*Mipango ya uzalishaji na usafirishaji.* Magari mangapi, kupitia wapi, ghala lipi lijazwe kwanza. Msingi wake ni simplex, mbinu ya kutafuta mpango bora kuliko yote chini ya masharti uliyopewa, aliyoibuni George Dantzig mwaka 1947, na bado inafanya kazi kila siku. Eneo hili halina jina la kupendeza, na labda ndiyo maana wahitimu hulisahau.

*Masoko ya fedha.* Fomula ya Black na Scholes ya 1973, ya kukokotoa bei ya opsheni (mikataba inayompa mtu haki ya kununua au kuuza kwa bei iliyopangwa), iliwafungulia wanahisabati mlango huu. Malipo ni makubwa, milango ni michache, na mara nyingi hutakiwa shahada ya uzamili au uzamivu pamoja na uwezo mzuri wa programu.

*Usimbaji fiche.* Hii ni kazi ya kuficha ujumbe usisomwe na asiyehusika. Mbinu ya RSA, iliyobuniwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman, ilisimama juu ya ugumu wa kuvunja namba kubwa kuwa namba tasa zake. Kompyuta za kwantamu zinatishia msingi huo, na Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vya kwanza vya mbinu mbadala. Mifumo mingi italazimika kubadilishwa, na anayeielewa hisabati iliyo chini yake ana kazi.

*Uigaji wa magonjwa na mazingira.* Mwaka 1927 Kermack na McKendrick waligawa watu katika mafungu matatu, wasioambukizwa, walioambukizwa na waliopona, wakaandika milinganyo ya kuhama kwao. Mifano ya leo ni vitukuu vya mfano huo. Hapa utafanya kazi na madaktari na wanabiolojia, na mara nyingi utahitaji shahada ya uzamili.

*Ualimu.* Mahali pengi unahitaji cheti cha ualimu juu ya shahada. Usiingie kwa sababu mengine yamegoma. Darasa hulijua jambo hilo kabla ya mwezi kuisha.

*Utafiti na uhadhiri.* Uzamivu huchukua miaka mitatu hadi sita, kisha mara nyingi mikataba mifupi ya miaka miwili miwili katika miji tofauti, kabla ya nafasi ya kudumu ambayo huenda isije. Nenda kama swali lenyewe linakunyima usingizi. Barua za mapendekezo ndizo huamua, kwa hiyo mwombe mhadhiri mwezi mmoja kabla ya tarehe ya mwisho, ukimpa matokeo yako, mradi wako na orodha ya unakoomba.

Kuomba kazi

Kwenye wasifu wako, "uwezo wa kufikiri kimantiki" ni maneno matupu, kila mtu huyaandika. Weka mradi mmoja uliokamilika: swali lilikuwa nini, data ilitoka wapi, ulitumia mbinu gani na kwa nini hiyo, matokeo yalikosea kwa kiasi gani, na programu yako ipo wapi mtu akiitaka. Kile kipengele cha "ilikosea kwa kiasi gani" ndicho kinachomtofautisha mwanahisabati na mpamba grafu. Tafuta nafasi ya mafunzo kazini likizo ya mwaka wa pili, kwa sababu waajiri wakubwa huajiri kutoka kwa waliokwisha kuwaona.

Katika usaili wa data, bima na fedha, tegemea fumbo la uwezekano. Kwa mfano: unarusha sarafu hadi upande wa sura utokee mara mbili mfululizo. Kwa wastani utarusha mara ngapi? Jibu la papo kwa papo huwa 4, na si sahihi. Usikimbilie namba, jenga milinganyo kwa sauti ili wakusikie. Tuseme kutoka mwanzo unahitaji mirusho E, na ukiwa tayari na sura moja unahitaji A. Kutoka mwanzo: mrusho mmoja, kisha nusu ya wakati uko kwenye A na nusu umerudi mwanzo, yaani E = 1 + A/2 + E/2. Ukiwa na sura moja: mrusho mmoja, nusu ya wakati umemaliza, nusu umerudi mwanzo, yaani A = 1 + E/2. Ingiza ya pili katika ya kwanza, unapata E = 6.

Msaili mzuri hataridhika hapo. Atauliza kwa nini "sura ikifuatwa na namba" (namba ni upande wa pili wa sarafu) huchukua mirusho 4 tu, ingawa kwa mirusho miwili mafungu hayo yana uwezekano sawa wa robo. Sababu ni hasara ya kukosea: kwenye sura-namba, ukishapata sura ya kwanza, kukosea kunakubakisha na sura nyingine mkononi, lakini kwenye sura-sura kukosea kunakurudisha mwanzo kabisa. Kisha ataongeza moja: sura tatu mfululizo. Ongeza mlinganyo wa tatu kwa mtindo ule ule, utapata 14.